Jina la Kiswahili, Kumbukumbu za Kiingereza: Kazi ya Lugha katika Kampuni Ndogo ya Teknolojia ya Habari kwa Mfano wa Ushahidi

Ikisiri

Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari katika Afrika Mashariki imejikita zaidi katika istilahi, yaani neno gani litumike kwa kifaa gani. Makala hii inahamisha swali kutoka kwenye kifaa na kulipeleka kwa watu wanaotengeneza programu. Kwa kutumia mfano wa Ushahidi, kampuni ndogo isiyo ya faida iliyozaliwa kutokana na machafuko ya Kenya ya mwaka 2008, makala inaeleza jinsi utamaduni wa kazi wa kampuni za namna hii unavyogawa lugha katika majukumu mawili: lugha ya kusemezana na kupokea taarifa, na lugha ya kuandika na kuhifadhi. Hoja kuu ni kwamba kuvusha maana kutoka lugha moja hadi nyingine ni kazi kamili ya kiufundi, ingawa aghalabu haina cheo, bajeti wala nafasi katika mpango wa kazi. Sera ya lugha isiyoigusa kazi hiyo itaendelea kuzalisha orodha za maneno bila kubadili namna watu wanavyofanya kazi.

Maneno muhimu: kazi ya lugha, kampuni ndogo, Ushahidi, istilahi, tanzu za kazi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Kampuni ndogo ya teknolojia ya habari huwa na mali chache zinazoshikika: meza, kompyuta, muunganisho wa intaneti, na pengine jenereta kwa siku ambazo umeme umekatika. Mtaji wake mkubwa ni watu na maarifa wanayopashana. Watu watano, kumi au ishirini hukaa katika chumba kimoja, au hutawanyika katika miji kadhaa, wakaandika programu itakayotumiwa na watu ambao wengi wao hawatakutana nao kamwe. Mtu yuleyule anayeandika msimbo asubuhi huenda akapokea simu ya mteja mchana na kuandaa ripoti ya mfadhili jioni. Mgawanyo huu legevu wa majukumu ndio unaoipa kampuni ndogo wepesi wake. Ndio pia unaofanya baadhi ya kazi zifanyike kila siku bila kuhesabiwa kuwa ni kazi.

Miongoni mwa kazi hizo zisizohesabiwa, makala hii inachunguza kazi ya lugha. Katika miji ya Afrika Mashariki na Kati, kampuni ya namna hii haiwezi kuendeshwa kwa lugha moja tu. Nairobi, mazungumzo huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Kampala, Kiingereza hukaa pamoja na Kiganda, na Kiswahili huingia pale wateja au washirika wanapotoka ng'ambo ya mpaka. Kigali na Bujumbura, Kinyarwanda na Kirundi ndizo lugha za nyumbani na za ofisini kwa pamoja, huku Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vikigawana shughuli nyingine. Goma na Bukavu, Kiswahili ni lugha ya mtaa na soko, lakini hati huandikwa kwa Kifaransa. Tofauti za miji hiyo ni kubwa. Hata hivyo kuna jambo moja linalojirudia: lugha ambayo mtumiaji hueleza tatizo lake mara nyingi si lugha ambayo tatizo hilo huandikwa.

Maswali yanayoongoza makala hii ni matatu. Kwanza, ni nani katika kampuni ndogo anayebeba mzigo wa kuvusha maana kati ya lugha hizo? Pili, ni nini hupotea katika kuvusha huko? Tatu, sera za lugha za ukanda huu zinaweza kufanya nini zaidi ya kusanifisha istilahi? Ushahidi umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu historia yake inafahamika kwa umma, kazi yake ilienea hadi nchi jirani, na kosa la tafsiri katika kazi hiyo liliweza kumgharimu mtu usalama wake.

2.0 Chimbuko la Ushahidi na watu wake

Matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Ghasia zilizofuata zilisababisha vifo vya watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka makwao. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari, na pengo la taarifa likawa kubwa wakati ambapo wananchi walihitaji kujua barabara ipi inapitika na mtaa upi umevamiwa. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu kuhusu siasa za Kenya, alianza kupokea taarifa nyingi kutoka kwa wasomaji kuliko alivyoweza kuzishughulikia peke yake. Mapema Januari 2008 alitoa wito kwa wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ambayo wananchi wangeweza kuandikisha matukio waliyoyashuhudia. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao waliuitikia wito huo. Tovuti ya kwanza ilikuwa hewani katika muda wa siku chache.

Kikundi hicho hakikuwa na ofisi. Baadhi yao walikuwa Kenya, wengine Marekani na Afrika Kusini. Walikuwa wamefahamiana kwa njia ya blogu na mikutano ya wanateknolojia kabla ya kuwa wafanyakazi wenza. Kilichoanza kama juhudi ya dharura kiligeuka kuwa kampuni isiyo ya faida yenye programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuitumia bila malipo. Mwaka huohuo wa 2008 programu hiyo ilitumika kuratibu taarifa za vita vya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2010 ilitumika nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi na nchini Kenya wakati wa kura ya maoni ya katiba. Mwaka huo pia waasisi wake walishiriki kuanzisha iHub, kituo cha Nairobi kilichowakusanya vijana wa programu, na mwaka 2013 kutoka katika mazingira hayohayo kikatangazwa kifaa cha BRCK, kilichobuniwa ili muunganisho wa intaneti usikatike umeme unapopotea.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Neno ushahidi, lenye asili ya Kiarabu, katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: maneno ya mtu aliyeona jambo, na kitu kinachothibitisha kwamba jambo hilo lilitokea. Shahidi hutoa ushahidi kwa kusema. Kisu chenye damu nacho ni ushahidi. Tatizo kuu la kazi ya kampuni hiyo lilikuwa ndani ya jina hilo. Kila ujumbe ulioingia ulikuwa ushahidi kwa maana ya kwanza. Swali lilikuwa iwapo ulikuwa ushahidi kwa maana ya pili. Ndiyo maana mfumo wenyewe ulitenganisha taarifa zilizothibitishwa na zile ambazo hazijathibitishwa. Uamuzi huo ulifanywa na mtu, na mtu huyo alihitaji kwanza kuielewa lugha ya ujumbe.

3.0 Utamaduni wa kazi: umbali, maandishi na uwazi

Sifa tatu za utamaduni wa kazi wa Ushahidi zinaeleza jinsi lugha zilivyogawana majukumu.

Sifa ya kwanza ni umbali. Saa tatu asubuhi ya Januari jijini Nairobi ni saa saba usiku katika jimbo la Florida. Watu wanaofanya kazi kwa tofauti hiyo ya saa hawawezi kutegemea kikao kifupi cha asubuhi ambapo kila mmoja hueleza alichofanya jana na kilichomkwamisha. Wanalazimika kuacha ujumbe ambao mwenzao ataukuta akiamka. Kwa hiyo gumzo la maandishi, baruapepe na orodha ya kazi huchukua nafasi ya mazungumzo ya ukumbini.

Sifa ya pili, inayotokana na ya kwanza, ni utawala wa maandishi. Katika kundi lililotawanyika, uamuzi ambao haukuandikwa ni kama haukufanywa. Mtu akigundua hitilafu, lazima aiandike. Akiirekebisha, lazima aeleze alichobadilisha na sababu yake. Maelezo hayo hukusanyika yakawa kumbukumbu ya kampuni, na mfanyakazi mpya huijua kazi kwa kuyasoma.

Sifa ya tatu ni uwazi. Programu huria hualika michango ya watu wasiojulikana kutoka nchi yoyote. Nguvu ya kampuni ndogo yenye msingi huu haiko katika idadi ya waajiriwa bali katika duara pana la watu wanaojitolea kuandika msimbo, kufanya majaribio na kutafsiri kiolesura. Ili duara hilo lifanye kazi, lazima maelezo yaandikwe kwa lugha ambayo wengi wake wanaifahamu.

Sifa hizi tatu kwa pamoja zilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kumbukumbu. Hapakuhitajika amri wala dharau dhidi ya Kiswahili. Maneno ya msingi ya lugha za programu yanatokana na Kiingereza, wafadhili walisoma ripoti za Kiingereza, na mchangiaji wa Brazili au India asingeweza kufuata maelezo ya Kiswahili. Kiswahili kilibaki katika sehemu mbili: mlangoni, pale mwananchi alipotuma ujumbe wake, na kwenye majina. Mfumo uliotumika katika kura ya maoni ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013 uliitwa Uchaguzi. Mradi wa kufuatilia matamshi ya hatari mtandaoni uliitwa Umati. Hata matoleo ya programu yalipewa majina ya miji ya Afrika, mathalani Luanda na Tunis. Majina hayo yalitangaza asili ya kazi, lakini kilichoandikwa chini yake kilikuwa Kiingereza.

Mpangilio huu si wa Ushahidi peke yake. Kampuni ndogo inayotengeneza mfumo wa malipo ya maji, kadi za wagonjwa au ada za shule hukutana na nguvu zilezile, hata kama wafanyakazi wake wote wanakaa chumba kimoja na kuzungumza Kiswahili kutwa nzima. Wakishafungua orodha ya kazi ili kuandika walichokubaliana, kalamu hugeukia Kiingereza. Ndiyo kusema kwamba katika ofisi nyingi za namna hii, sababu za uamuzi huzungumzwa kwa lugha moja, na matokeo ya uamuzi huandikwa kwa nyingine. Aliyekuwapo anajua sababu. Atakayekuja baadaye atakuta matokeo tu.

4.0 Kazi ya lugha isiyoonekana

Tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 nchini Haiti lilionyesha uzito wa kazi hii kuliko tukio lingine katika historia ya Ushahidi. Ramani ya maafa ilifunguliwa muda mfupi baada ya tetemeko, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walijitolea kuisimamia. Baadaye ilianzishwa namba fupi ya simu, 4636, ambayo Wahaiti waliweza kutumia kupeleka ujumbe mfupi bila malipo. Ujumbe ulianza kumiminika, na sehemu kubwa ilikuwa kwa Krioli ya Haiti, lugha ambayo waokoaji wengi kutoka nje hawakuijua.

Daraja lilijengwa na Wahaiti wenyewe, wengi wao wakiwa ughaibuni. Walisoma ujumbe, wakautafsiri, na wakafanya jambo jingine ambalo neno tafsiri halilitoshelezi: walitambua mahali. Mtu aliyenaswa chini ya kifusi hatoi latitudo na longitudo. Hutaja duka, kanisa, kona ya barabara kwa jina ambalo wenyeji wanalijua na ambalo huenda halimo katika ramani yoyote. Mfasiri aliyekulia mtaa huo aliweza kuonyesha nukta kwenye ramani. Mfasiri bora wa Kifaransa ambaye hajawahi kukanyaga Port-au-Prince asingeweza. Hata hivyo masimulizi mengi ya tukio hilo yaliitaja ramani na programu kuliko yalivyowataja wafasiri.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, mradi wa Umati, ulioanza mwaka 2012 kwa ushirikiano wa kitengo cha utafiti cha iHub na Ushahidi, ulikusanya na kuchambua matamshi ya hatari yaliyoandikwa mtandaoni. Matamshi hayo hayakuandikwa kwa Kiingereza pekee. Yalikuwamo ya Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kiluo, Kiluhya, Kikalenjin na Kisomali. Kampuni zilizojenga jina lake kwa programu ziliwaajiri watu wa kukaa na kusoma. Sababu yake inaeleweka kwa mwanaisimu yeyote: matusi ya kisiasa hupenda kujificha katika mafumbo, lakabu za makabila, methali zilizopindwa na majina ya wanyama. Neno ambalo kamusi inalieleza kuwa ni mmea au mdudu huweza kuwa wito wa kuwafukuza watu. Anayelitambua ni yule anayeishi ndani ya lugha hiyo wakati huohuo, kwa kuwa mafumbo nayo hubadilika kila msimu wa uchaguzi.

Mifano yote miwili inaonyesha kwamba sehemu ngumu zaidi ya mfumo ilikuwa maarifa ya lugha. Programu ya ramani iliweza kupelekwa kutoka Kenya hadi Kongo na Haiti. Maarifa ya lugha hayakunakilika. Yalipaswa kutafutwa upya kila mahali. Pamoja na hayo, katika kampuni ndogo, orodha ya vyeo huwa na mwandishi wa programu, msanifu wa kiolesura na meneja wa mradi. Msomaji wa ujumbe huwa mtu wa kujitolea, wa mkataba mfupi, au kijana wa huduma kwa wateja ambaye haketi katika kikao cha wasanifu.

5.0 Kinachopotea: mifano ya kisarufi

Ili kuonyesha kwamba hasara inayozungumziwa hapa si ya ladha ya lugha tu, sehemu hii inachambua sentensi chache. Sentensi zenyewe ni za kubuni, lakini miundo yake inafahamika kwa kila mzungumzaji.

Chukua mteja anayepiga simu kwa kampuni ya programu na kusema mojawapo ya haya:

(1) Akaunti yangu imefutika.
(2) Akaunti yangu imefutwa.
(3) Nimefuta akaunti yangu.

Sentensi ya (1) iko katika kauli ya kutendeka. Msemaji anaeleza hali bila kudai kwamba kuna aliyeisababisha. Sentensi ya (2) iko katika kauli ya kutendwa na inaashiria kwamba yupo mtendaji, hata kama hakutajwa. Ya (3) inamtaja msemaji mwenyewe. Kwa fundi, tofauti hizi ni njia tatu za uchunguzi: katika (1) atatazama mfumo, katika (2) ataangalia ni nani mwingine mwenye ruhusa ya kuingia, na katika (3) atatafuta nakala ya akiba. Kiingereza cha kumbukumbu kwa kawaida huweka (1) na (2) chini ya kauli moja ya kutendwa. Fundi anayesoma rekodi siku ya pili hawezi kujua kwamba mteja hakumshuku mtu. Huenda akatumia siku nzima kumtafuta mwizi ambaye hakuwapo, au akaacha kumtafuta aliyekuwapo.

Mfano mwingine ni neno moja tu:

(4) Imekataa.

Kiambishi i- cha ngeli ya tisa kinaweza kurejelea simu, programu, laini, kadi, akaunti, namba ya siri au hata benki. Msemaji anajua alichokusudia kwa sababu anakitazama. Mhudumu mzoefu huuliza swali moja, «Ni nini iliyokataa?», kisha huandika jibu. Asiye na uzoefu huandika kwamba mteja ameshindwa kuingia, na tatizo hubadilika kabla halijafika kwa anayepaswa kulitatua.

Kwa kampuni inayochora ramani, ngeli za mahali zina uzito mkubwa zaidi:

(5) Watu wamejificha pale kanisani.
(6) Watu wamejificha kule kanisani.
(7) Watu wamejificha mle kanisani.

Katika Kiswahili sanifu, pa- huashiria mahali mahsusi, ku- huashiria upande au eneo lisilo na mpaka wazi, na mu- huashiria ndani. Sentensi ya (7) inamweleza mwokoaji kwamba watu wako ndani ya jengo. Ya (6) inaweza kuwa na maana ya mtaa mzima unaozunguka kanisa. Aidha, wakati uliotimilika wa -me- unaeleza kwamba hali ingalipo: watu bado wamejificha. Lau msemaji angesema «walijificha», angekuwa anasimulia jambo lililopita. Rekodi inayosema tu kwamba watu walijificha kanisani imeacha nje habari mbili ambazo zilikuwa wazi katika ujumbe wa asili: iwapo wamo ndani, na iwapo bado wamo.

Hapa ni lazima kuongeza angalizo. Katika lahaja na vilugha vingi vya bara, tofauti za pa-, ku- na mu- hulegea, na ku- hutumika mahali pa zote. Mzungumzaji wa Eldoret au Kampala huenda asikusudie tofauti ambayo mzungumzaji wa Mombasa au Unguja angeikusudia. Kwa hiyo anayesoma ujumbe anahitaji kujua sarufi na vilevile kujua ni Kiswahili cha wapi kinachosemwa. Hilo si jambo linaloweza kutatuliwa kwa orodha ya istilahi.

6.0 Kutoka istilahi hadi tanzu za kazi

Juhudi za kukipa Kiswahili uwezo wa kuzungumzia kompyuta si changa. Mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Wanataaluma na mabaraza ya lugha yamependekeza, kujadili na kusanifisha maneno kadha wa kadha: tarakilishi na kompyuta zimeshindana kwa miaka mingi, kishikwambi, kipakatalishi, nywila na tovuti yana watumiaji wake, TEHAMA imekuwa neno la kawaida katika hati za serikali ya Tanzania. Kazi hii ni ya thamani, na makala hii haiibezi.

Ni muhimu, hata hivyo, kutazama ni maneno gani yaliyoenea bila kampeni. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, menyu yake ya Kiswahili iliwapa watu vitenzi vya kazi: kutuma na kutoa. Maneno salio na wakala yakapata maisha mapya. Yote yalikuwa ya kale. Yalienea kwa sababu shughuli yenyewe ilifanywa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na ujumbe wa kuthibitisha na maelezo ya kukosea namba. Istilahi ilipata mizizi kwa kuwa ilipandwa ndani ya utanzu kamili wa mawasiliano.

Neno utanzu limetumika hapa kwa maana pana ya aina ya matini yenye muundo na kusudi linalotambulika. Kampuni ndogo ya programu ina tanzu zake: taarifa ya hitilafu, maelezo ya mabadiliko, muhtasari wa kikao, mwongozo wa mtumiaji, jibu kwa mteja aliyekasirika, tathmini ya kazi ya mwenzako. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa tanzu hizi zote. Kinachokosekana ni mazoea ya kuziandika, na mazoea hayazaliwi na kamusi. Mhitimu wa shahada ya kompyuta aliyesoma Kiswahili hadi mwisho wa sekondari anaweza kuandika insha kuhusu umuhimu wa mazingira, lakini hajawahi hata mara moja kufundishwa kuandika kwa Kiswahili kwamba mfumo unasimama kila watumiaji wanapozidi idadi fulani, chini ya hali gani, na nini kifanyike ili kuliona tatizo hilo tena.

Pingamizi moja linastahili jibu. Inaweza kusemwa kwamba kampuni inayotegemea wachangiaji wa dunia nzima haiwezi kuandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili bila kujitenga. Pingamizi hili ni la kweli, na historia ya Ushahidi inalithibitisha: bila Kiingereza, programu iliyozaliwa Kenya isingefika Haiti. Lakini pingamizi hilo linahusu msimbo na maelezo yake. Halihusu ujumbe wa mwananchi, mwongozo wa muuguzi wa kituo cha afya, wala mazungumzo na mteja. Huko mchangiaji wa ng'ambo hayupo. Aliyepo ni mtu ambaye Kiingereza humfungia mlango.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa watunga sera na washauri wao.

Kwanza, mifumo ya umma inayopokea taarifa za wananchi ihifadhi ujumbe wa asili kando ya tafsiri yake. Gharama ya kuhifadhi mistari michache ya maandishi ni ndogo mno. Faida yake ni kwamba kosa la tafsiri linaweza kugunduliwa baadaye.

Pili, zabuni za serikali za kutengeneza programu zitaje kazi ya lugha kama kipengele chenye bajeti yake: usomaji wa ujumbe, majaribio ya kiolesura na wazungumzaji wa maeneo husika, na huduma kwa watumiaji. Kampuni ndogo haitamwajiri msomaji wa lugha kwa hisani. Itamwajiri ikiwa mkataba unamlipa.

Tatu, idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya ukanda huu ziandae kwa pamoja somo la uandishi wa kiufundi kwa Kiswahili, likijengwa juu ya tanzu za kazi zilizotajwa. Wanafunzi wa isimu watapata uwanja mpya wa ajira, na wa kompyuta watapata lugha ya kuzungumza na mtumiaji wao.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya kitaifa, ipanue kazi ya usanifishaji ili mbali na orodha za istilahi zitolewe pia sampuli za matini: taarifa ya hitilafu iliyoandikwa vizuri, mwongozo mfupi, ilani ya kukatika kwa huduma. Sampuli hizo zizingatie kwamba msomaji wa Bujumbura au Bukavu hasomi Kiswahili kwa masikio ya msomaji wa Dar es Salaam.

Mapendekezo haya yana mazingira mazuri ya kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Nchini Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini hadhi ya katiba haiingii yenyewe katika orodha ya kazi ya kampuni ya watu kumi. Huingia pale mtu anapoajiriwa kuisoma, kuiandika na kuisahihisha.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba utamaduni wa kazi wa kampuni ndogo ya teknolojia ya habari hugawa lugha kwa namna ambayo huificha kazi muhimu. Ushahidi ulionyesha kwamba watu wachache, waliotawanyika na wasio na ofisi, wanaweza kutengeneza kitu kinachotumika ulimwenguni. Ulionyesha vilevile kwamba kitu hicho kilitegemea wasomaji: Wahaiti waliojua kona za mitaa yao, na vijana wa Kenya waliojua ni lini jina la mdudu si jina la mdudu. Hao nao walikuwa wajenzi wa mfumo.

Iwapo nchi za ukanda huu zinakusudia kupeleka huduma za afya, ardhi, kodi na maafa katika simu za wananchi, maelfu ya watu watakuwa wakieleza shida zao kwa Kiswahili kwa mifumo iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Kati ya mwananchi na mfumo atakuwapo mtu mmoja mwenye dakika chache za kuamua kama watu wamo «mle» au wako «kule». Sera ya lugha inapaswa kuanza na mtu huyo: kumpa cheo, mafunzo, ujira, na kiti katika kikao ambacho mfumo unasanifiwa.